Shusha hiyo 10 kabla mgongo haujakushusha wewe

Mkuu, kabla hujaenda jimu leo rudi hapa usome.

Umesema umeona klipu ya Karsten, yule bingwa wa kupiga makasia, unataka kuanza mashine ya makasia ya jimu, utaweka kipini chake namba 10 ili upate nguvu kama zake, na ukauliza ule nini. Nimefika kwenye hiyo 10 nikajikuta nimeshika kiuno.

Mimi ndivyo nilivyoanza. Kwenye grupu letu la wakimbiaji, fainali ya makasia ya Olimpiki ya Sydney 2000, mbio za wanawake za mtu mmoja mmoja, haipiti miezi bila mtu kuirusha tena. Ekaterina Karsten wa Belarus na Rumyana Neykova wa Bulgaria, mita 2000, wanavuka mstari bega kwa bega, majaji wanakodolea picha, mwisho Karsten kashinda kwa sekunde 0.01. Na alikuwa anatetea dhahabu ya Atlanta 1996! Sisi hata ziwa hatuna karibu, ila dada yule tunamshangilia kama wa mtaani kwetu.

Nikaenda jimu kifua mbele. Kocha wa pale, mikono kama magogo, akasukuma kile kipini cha pembeni ya feni ya mashine mpaka 10. "Wanaume wanapigia hapa." Nami nikaitika kama kondoo. Kumbe kipini kinaamua tu hewa kiasi gani iingie kwenye feni! Ikiingia nyingi, feni inapoteza kasi upesi, na kila ukivuta ni kama unang'oa kisiki. Ni gia nzito ya baiskeli, basi. Nguvu unaleta wewe. Wazoefu wengi wanakaa 3 mpaka 5, kwa sababu mtumbwi wenyewe wa mashindano wa mtu mmoja ni kilo 14 na kidogo, unateleza, hauburutwi kama gogo.

Siku ya tisa miguu ikachoka, nikamalizia kwa mgongo. Kitu kikalia "tii!" Nilitoka pale nimeinama kama natafuta shilingi iliyodondoka. Wiki sita sijakimbia. Vipimo na mazoezi ya tiba vikala laki nane na ushee, hela ya bati zangu. Mke wangu akinifunga kamba za viatu anauliza, "Huyo Mbelarus wako zamu yake lini?" Nilipomrudia kocha, eti sikupasha mwili moto. Ningemzaba kibao, ila mkono ulikuwa haupandi juu ya bega.

Sasa tazama klipu upya, achana na mikono yake, angalia magoti. Miguu inasukuma kwanza, mgongo unafuata, mikono mwisho. Kurudi ni mikono, mgongo, ndipo magoti yakunjwe. Na kipini 4. Kijana wa pembeni akikucheka, 4. Kocha akikuita mama, 4.

Chakula? Kula ugali, sijui, wengine watakujibu. Kipini umekiweka ngapi? Piga picha uitume hapa tuione.