Mwachieni Mgonjwa Mkono Wake

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mgonjwa wenu alipotoka hospitali, ni jambo gani lililomrudishia uwezo wa kujifanyia mambo yake mwenyewe? Kwa upande wetu, mama alianza kurudi pale sisi watoto wake tulipojizuia kumfanyia. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu wiki tatu za mwanzo tulifanya kinyume chake, tena kwa mapenzi ya dhati, na wiki hizo tatu tulizilipa kwa miezi.

Mama ana umri wa miaka 72. Tunaishi nje kidogo ya Chake Chake, Pemba, katika nyumba ya matofali yenye baraza mbele na ua nyuma, na choo kipo mwisho wa ua. Alipatwa na kiharusi alfajiri moja akijitayarisha kutia udhu. Upande wake wa kulia ukalegea na ulimi ukawa mzito. Maradhi yalimpiga katika ubongo wa kushoto, ambao ndio unaouongoza mwili wa kulia, na kwa hiyo mkono aliokuwa akilia chakula, akishikia sindano na akivutia tasbihi ndio uliolala. Alipelekwa Unguja akalazwa siku 16, na siku aliyoruhusiwa alikuwa akiweza kukaa bila ya kuegemea na kupiga hatua sita au saba akiwa ameshikwa. Tulipewa dawa za presha, tarehe ya kliniki na nasaha ya kupunguza chumvi. Kuhusu nyumba anayorudi, kitanda chake kina kimo gani na choo chake ni cha namna gani, hakuna aliyetuuliza, wala sisi hatukujua kuwa ni jambo la kuuliza.

Tuliposhuka bandarini Mkoani tulimbeba hadi garini, na tulipofika nyumbani tukambeba hadi chumbani na kumlaza juu ya samadari. Tangu saa hiyo hakuna alichofanya mwenyewe. Mke wa kaka yangu alimlisha uji kwa kijiko, mimi nilimkosha, mdogo wangu alimvisha, na majirani waliokuja kumkagua walipokezana kumkanda miguu. Akitupa jicho tu kwenye kikombe, kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni. Baada ya wiki tatu, yule aliyetoka hospitali akipiga hatua saba hakuweza hata kusimama. Mapaja yalikuwa yamesinyaa, na ngozi ya kisigino cha kulia imeanza kubadilika rangi, dalili ya kidonda cha kulalia.

Hapo ndipo jirani yetu mmoja, mwalimu wa skuli, alipotuelekeza kwa kijana mtaalamu wa tiba ya viungo, akaja nyumbani. Nilitarajia amshike mama mguu amnyooshe. Badala yake, baada ya kumwamkia, alivuta kiti akakaa mbele yake na kumuuliza: “Bibi, kitu gani ukikiweza peke yako utaona umerudi?” Sisi sote tulifungua midomo kumjibia, naye akatunyamazisha kwa mkono. Mama alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema kwa ulimi wake mzito: “Choo, mwanangu. Niingie peke yangu, mlango niufunge.”

Sikuwahi kulifikiria hilo. Kila siku nilikuwa nikimsaidia haja zake nikiamini natimiza wajibu wa mtoto kwa mzazi wake, na wala sijutii kuutimiza, lakini kumbe kila siku alikuwa akiumia kwa aibu ambayo hakuwa na maneno ya kuitaja. Kuanzia siku ile mazoezi yote yalielekezwa kwenye mlango ule wa choo.

Yule kijana alitueleza kwamba katika utafiti mmoja wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu, seuze mtu ambaye upande mmoja umepooza. Akatueleza pia kwamba sehemu za ubongo zilizosalimika zinaweza kujifunza kazi ya sehemu iliyoharibika, ila hazijifunzi kwa kukandwa wala kwa kunyooshwa na mtu mwengine. Zinajifunza pale mwenye mwili anapojaribu, akakosa, akajaribu tena, mamia ya mara. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa, ingawa maendeleo hayakatiki baada ya hapo. Nilihesabu moyoni wiki zetu tatu nikatoka nje kulia.

Kisha tukaanza na nyumba. Samadari yetu ilikuwa imeinuliwa kwa vipande vya miti, na mama akikaa ukingoni miguu ilining'inia. Tuliviondoa, tukatoa na godoro moja kati ya mawili, hadi nyayo zake zikakanyaga sakafu sawasawa. Akafundishwa kusimama: kusogea ukingoni, kurudisha miguu nyuma kidogo ya magoti, kuinamisha kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ajiinue. Sisi tulikuwa tukimvuta kwa mikono kwenda juu, na huko kumvuta ndiko kulikomtupa nyuma. Mkongojo nao tulikuwa tumempa mkono wa kulia, tukidhani mguu mbovu ndio unaotaka kuegemezwa, kumbe hushikwa kwa mkono mzima ili uzito uhamie huko. Kwenye kizingiti cha mlango wa ua alijifunza kutanguliza mguu mzima anapopanda na mguu mgonjwa anaposhuka.

Choo chetu ni cha kuchutama. Fundi seremala alitutengenezea kiti kizito chenye tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo, na kutoka mlango wa jikoni hadi chooni tukachimbia miti ya mkoko na kufunga pau moja ndefu, kimo cha nyonga, upande wa kushoto ili aishike kwa mkono wake mzima. Siku ya kwanza alikwenda vizuri akaingia akafunga mlango, na sisi tuliobaki jikoni tulishikana mikono kwa furaha. Alipotoka akasimama mlangoni asisogee. Ile pau sasa ilikuwa upande wake wa kulia, upande uliolala, na mbele yake pana ua mzima usio na kitu cha kushika. Watu wazima watano tulikuwa tumejenga njia ya kwendea tukasahau ya kurudia. Jioni hiyo hiyo kaka alifunga pau ya pili.

Nimeeleza mambo ya nyumba kwa urefu kwa sababu ndiyo yasiyosemwa hospitalini, na gharama yake haikufika hata nusu ya nauli na matumizi ya safari yetu ya Unguja. Hata hivyo, kazi ya seremala ilikuwa nyepesi ukilinganisha na kazi ya kuizuia mikono yetu wenyewe.

Katika jamii yetu, watoto hupimwa kwa hali ya mzazi wao mgonjwa. Anayekuja kumkagua hutazama kama shuka ni safi, kama mgonjwa ameshalishwa, kama yupo mtu ubavuni pake. Sasa mfikirie mgeni anayeingia akamkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda anapambana na gauni lake, na mimi bintiye nimekaa hatua mbili naye nimekunja mikono. Ilikuwa asubuhi. Mama alishajua kwamba mkono mgonjwa hutangulia kuingia katika nguo na huwa wa mwisho kutoka. Alikuwa ameulaza mkono wa kulia mapajani, ameikusanya nguo kwa mkono wa kushoto na kuivuta kidogo kidogo, ikapita vidole, ikakwama kwenye kifundo, akairudisha, akaanza upya. Karibu nusu saa ilikuwa imepita. Shangazi yetu akaingia, akasimama, akanigeukia: “Wana gani nyinyi, mama yenu anateseka na wewe umekaa unamtazama?” Nilishindwa kumjibu, kwa kuwa ni mkubwa wangu na pia kwa kuwa moyo wangu mwenyewe ulikuwa ukiniambia hayo hayo. Aliyejibu ni mama, na yalikuwa maneno mengi zaidi aliyowahi kuyasema kwa mfululizo tangu augue: “Niache wifi yangu. Navaa. Kesho nitavaa upesi.”

Shangazi alikaa chini, na tangu siku ile akawa msimamizi mkali kuliko mimi. Nawaomba wasomaji mnaokwenda kuwatazama wagonjwa walioruhusiwa mlitie jambo hili akilini kabla ya kuwahukumu wanaowauguza.

Msimu wa karafuu ulipoingia, mkono wa kulia ulikuwa ukiweza kufunga ngumi lakini si kushika kitu kidogo. Wasiojua kazi yetu niwaambie kwamba karafuu hutoka shambani zikiwa katika vishada, na usiku watu hukaa juu ya jamvi kuzichambua: kishada huwekwa katika kiganja cha mkono mmoja, na mkono mwengine huzing'oa karafuu mpaka libaki konyo tupu, nalo halitupwi, kwa sababu mafuta yake hukamuliwa katika kiwanda cha makonyo kule Wawi. Mama alichambua karafuu tangu utotoni. Usiku wa kwanza aliomba ungo, tukamwekea mapajani kwenye kiti chake. Kwanza mkono wa kulia ulikuwa wa kushikilia tu. Baadaye, bila ya kuambiwa na mtu, alihamishia kishada kushoto, akakisogelea kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, vyote viwili vikitetemeka, akaibana karafuu moja, ikamponyoka, akaibana tena, akaivuta. Mjukuu wake alizihesabu kabla ya kulala: zilikuwa 11. Msimu ulipomalizika alikuwa akijaza kibaba kizima kwa usiku mmoja. Nimeona mipira ya kubinya na vifaa vyengine vya mazoezi ya mkono na sivibezi, lakini naamini mkono hurudi haraka zaidi kwenye kazi unayoikumbuka.

Kutokana na vidole hivyo viwili akaanza kula kwa mkono wake wa kulia. Mwislamu atafahamu ilikuwa na maana gani kwake. Dini imempa mgonjwa wepesi, aweza kusali kwa kukaa au kwa kulala na kula kwa mkono unaokubali, na mama aliujua wepesi huo akautumia. Lakini tonge la kwanza la wali alilolifikisha mdomoni kwa mkono wa kulia alilitanguliza kwa Bismillahi iliyosikika hadi barazani.

Nisieleweke kwamba tulimwacha. Yapo mambo ambayo mpaka leo hatuchezi nayo. Bega la upande uliopooza halivutwi kamwe, hata kwa nia ya kumsaidia kuinuka, kwa sababu misuli inayolishika imelegea. Anapokula hukaa wima na hubaki hivyo nusu saa baada ya kumaliza, asipaliwe. Akitoka kitandani hukaa kwanza hadi kizunguzungu kipite ndipo asimame, na sakafu ya choo hukaushwa kabla hajaingia. Dawa za presha nazikumbusha mimi mwenyewe, hata siku anazojisikia mzima, kwa kuwa kiharusi cha pili ndicho tunachokiogopa.

Leo huingia chooni na kufunga mlango. Huvaa, husali kitini, huchambua mchele. Kuchota maji hawezi, na vifungo bado vinamshinda. Pencheni jamii, ile ambayo Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa wazee waliotimia miaka 70 mwaka 2016, kwa miezi mingi tulikuwa tukimwombea udhuru wakati wa malipo. Mwezi uliopita alikwenda kwa miguu yake akapokea kwa mkono wake, akanituma nimnunulie seremala kanzu.

Sasa anataka kwenda Wete kwenye harusi ya mjukuu wa dada yake, na anataka kwenda kwa gari ya abiria kama watu wengine. Gari zetu nyingi hupandwa kwa nyuma na kipandio chake kiko juu. Juzi mwanangu alikwenda stendi akakipima kimo chake kwa kipande cha ukili, akarudi akapanga matofali uani mpaka yakafika kwenye alama aliyoiweka. Kila baada ya Alasiri mama husimama mbele ya matofali hayo, hushika pau kwa mkono wa kushoto, hutanguliza mguu mzima, nami nipo nyuma yake, mikono tayari, bila ya kumgusa.