Alama za DNA za mkorosho: je, seti moja inatosha?

Swali: Mimi ni mtafiti msaidizi mkoani Mtwara. Tunataka kutengeneza alama za DNA za kutambua aina za mikorosho iliyobebeshwa, kisha tuzitumie hizohizo kuchagua miche inayostahimili ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga). Je, seti moja itatosha?

Jibu: Ndugu, hizo ni kazi mbili, nami nakusihi uzitenganishe tangu kwenye bajeti.

Mikorosho yote iliyobebeshwa vikonyo (vijiti vya kubebeshea) vya mti mmoja hubeba DNA ileile juu ya kiungo, yaani pale kikonyo kilipounganishwa na shina la mbegu, ilhali miche ya mbegu hutofautiana, kwa sababu mkorosho huchavushwa zaidi na miti mingine. Kwa utambulisho, basi, mikrosatelaiti (sehemu za DNA zenye herufi chache zinazojirudia) kumi na kitu zinazotofautiana vya kutosha zinakidhi haja, na kwa kuwa zipo zilizokwisha kuchapishwa, zijaribuni hizo kwanza kabla ya kugharamia mpya.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni jani lenyewe. Chipukizi lililoota chini ya kiungo ni la shina la mbegu, wala si la aina mnayoichunguza, kwa hiyo chumeni juu ya kiungo, tena majani machanga, na kuyakausha papo hapo kwa silika (chembe zinazofyonza unyevu). Majani ya mkorosho yana fenoli nyingi, ambazo zikioksidishwa hugeuza mchanganyiko kuwa wa kahawia na kuizuia PCR (njia ya kunakili DNA maabara) isifanye kazi. Ongezeni PVP (kemikali inayonasa fenoli) kwenye mchanganyiko wa CTAB (sabuni ya kutolea DNA kwenye majani), na DNA ikitoka na rangi, isafisheni upya badala ya kulazimisha matokeo.

Ustahimilivu wa ubwiriunga ni habari nyingine. Alama inayoonyesha tofauti kati ya miti haisemi lolote kuhusu ugonjwa mpaka ithibitike kuwa iko jirani na jeni inayohusika. Hapo mtahitaji kuchavusha kwa mkono mti unaostahimili na unaoshambuliwa, kukuza watoto wengi, na kupima ugonjwa kwenye maua yao kwa misimu kadhaa bila kupuliza salfa, kwa kuwa kipimo cha msimu mmoja hupotoshwa na hali ya hewa. Kwa kazi hiyo tumieni SNP (tofauti za herufi moja moja ya DNA), ambazo hupatikana kwa maelfu na kuenea katika kromosomu zote. Alama itakayojitokeza ipimeni tena katika familia nyingine kabla hamjang'oa mche hata mmoja kwa kuitegemea.

Bajeti ikibana, anzeni na utambulisho wa miti mama katika bustani ya vikonyo, maana mti mama uliokosewa jina huwafikia wakulima wengi kupitia miche yake.