Mlonge si mbolea, usiuzidishe

Msomaji mmoja wa Usangu ametuma picha ya mahindi yaliyobabuka ncha. Analalamika kwamba "dawa ya mlonge", yaani juisi ya majani ya mti wa mlonge (moringa) inayopuliziwa mazao ili yakue vizuri, imemtia hasara. Ukisoma vipimo vyake unakuta lita mbili za juisi kwenye bomba la lita 16. Mlonge unasingiziwa.

Jani changa la mlonge lina zeatini, homoni inayochochea seli kugawanyika na kuchelewesha majani kuzeeka. Homoni hutosha kidogo. Ikizidi, mmea hudumaa. Kipimo chake ni sehemu moja ya juisi kwa 30 za maji: nusu lita kwa lita 15, basi. Kuongeza "ili ikolee" ndiyo tamaa inayotuangusha wakulima.

Chuma ncha laini, zile zinazokatika kwa kidole. Kilo 10 za majani hutwangwa kwa lita moja tu ya maji. Kamua, kisha chuja mara mbili kwa kitambaa safi, kwani makapi huziba nozeli, na wakati unahangaika kuizibua, juisi inaharibika kwenye ndoo. Imalize ndani ya saa tano tangu kukamua. Iliyolala imwage kwenye mboji. Wapo wanaoifungia kwenye chupa za soda na kuuza. Unanunua uchachu na gesi.

Pulizia jioni, jua likishapoa, jani libaki na unyevu muda mrefu. Mahindi yaanze wiki mbili baada ya kuota, kisha kabla ya mbelewele. Maharage kabla ya maua. Vitunguu na kabichi vina nta, maji huteleza, hivyo tia kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye bomba.

Wa Uyole, Mufindi na Njombe msihangaike kuupanda: baridi huudumaza na sakitu (umande unaoganda kuwa barafu) huuua. Alizeti pori ya kando ya barabara itawafaa, ila hiyo fukieni mbichi shambani wakati wa kupanda. Ni chakula cha udongo, kazi nyingine kabisa.

Samadi au mbolea ya DAP ya kupandia endelea kuiweka kama kawaida, mlonge hauchukui nafasi yake. Na acha mistari mitatu bila kupulizia, uone tofauti kwa macho yako.

Ndugu wa Usangu, kama jani jipya la katikati bado ni la kijani, mahindi yatarudi. Mwagilia, na usipulizie chochote kwa wiki mbili.