Barua pepe moja kwenye kompyuta tatu za nyumbani

Ndugu, barua unazoziona kwenye kompyuta ya sebuleni na kuzikosa kwenye zile mbili za vyumbani hazijapotea: programu yako ya barua pepe inatumia POP3, njia ya kupokea barua ambayo kwa kawaida huzishusha kwenye kompyuta iliyotangulia kuzichukua, kisha huzifuta kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayohifadhi barua. Ruta yako, kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, haina kosa, usiiguse. Fungua akaunti hiyo hiyo kwa IMAP, njia nyingine ya kupokea barua, ukiweka 993 kama namba ya poti (mlango wa kuunganishia) kwenye mipangilio ya kompyuta zote, ili barua zikae kwenye seva na uliyoisoma sebuleni ionekane imesomwa chumbani pia. Ila usiiondoe akaunti ya zamani kabla ya kuziburuta barua zake, kwa mfano ndani ya programu ya barua pepe ya Thunderbird, hadi kwenye kikasha cha akaunti mpya ya IMAP, kwani huenda hizo ndizo nakala pekee zilizobaki.