Kuendesha Programu Kadhaa za Django kwenye Seva Moja

Mwenye programu tatu au nne za Django (mfumo wa kuundia programu za wavuti kwa Python) zenye watumiaji wachache hana haja ya kulipia seva kwa kila moja. Nimekuwa nikiziweka programu za wateja wadogo pamoja kwenye seva ya Linux, na ushauri wangu ni kwamba kila programu itengewe vyote vinavyotengeka: akaunti yake kwenye mfumo, mazingira yake ya Python, hifadhidata yenye nenosiri lake, na huduma yake ya systemd (kisimamizi cha huduma za Linux) inayoendesha Gunicorn, seva inayoitekeleza programu yenyewe, kupitia soketi yake, yaani mlango wake wa kupokelea maombi. Nginx, seva ya wavuti, hukaa mbele, ikasoma jina la kikoa lililoombwa na kulipeleka ombi kwenye soketi husika.

Kwa uzoefu wangu, kinachoanza kubana ni kumbukumbu (RAM), wala si kichakataji. Mwongozo wa Gunicorn hupendekeza kuanza na michakato (nakala za programu zinazohudumia maombi) ambayo ni mara mbili ya idadi ya viini vya kichakataji, ukiongeza mmoja. Lakini hesabu hiyo huifaa seva yenye programu moja. Kwenye seva ya viini 2, programu nne zikiifuata kila moja kivyake zitazaa michakato 20, na iwapo kila mchakato unakula megabaiti 100, gigabaiti 2 zitakuwa zimekwisha kabla PostgreSQL, yaani hifadhidata, haijapata fungu lake. Mimi huanza na michakato miwili kwa kila programu, nikaongeza pale tu rekodi za maombi (logi) zinapoonyesha foleni. Kisha huweka kikomo cha kumbukumbu, MemoryMax, kwenye systemd, ili programu inayovuja kumbukumbu izimwe peke yake, badala ya kuuachia mfumo uchague mchakato wa kuzima, kwani unaweza kuiangukia hifadhidata.

Programu zikikaa kwenye kikoa kimoja kwa njia tofauti za URL (mfano /a na /b), zote hutumia kidakuzi (cookie) kiitwacho sessionid, hivyo anayeingia kwenye moja hujikuta ametolewa kwenye nyingine. Kuipa kila programu jina lake la kidakuzi kwa mpangilio wa SESSION_COOKIE_NAME hutatua hilo, ingawa mimi napendelea kila programu iwe na kikoa chake kidogo. Wanaotumia Redis moja (hifadhi ya data ya muda) nao waweke KEY_PREFIX tofauti, yaani kiambishi cha majina ya data ya kila programu.

Hata hivyo, kiini cha Linux (kernel) kikisasishwa na seva ikawashwa upya, programu zote huzimika pamoja. Kwa hiyo programu inayopokea malipo usiku na mchana huiwekea seva yake.