Mleta mada, usimfungie mtoto gizani

Mleta mada, acha. Umeandika kwamba kijana wako wa miaka mitano haendi chooni usiku peke yake, umeme ukikatika analia nyumba nzima inaamka, na shemeji yako anasema umfungie chumbani taa ikiwa imezimwa "mpaka akomae." Ukauliza pia uoga huu unatoka wapi, ununue taa gani ya usiku, na lini umhamishie chumba chake. Nilipofika kwenye neno "umfungie" mikono ikanitetemeka. Mimi nilifanya hivyo hivyo.

Wangu alikuwa na miaka minne na nusu. Aliyenishauri ni jirani, mtu mzima, kalea watoto watano, na hapa mtaani kila jambo la watoto analitolea hukumu. Akasema kuogopa giza ni deko, mfungie mara moja tu, atalia wee, akichoka ataona hakuna kitu. Mke wangu alikataa katakata. Nikasubiri siku hayupo.

Nilimweka stoo, nikapiga komeo kwa nje, nikasimama palepale mlangoni. Aliniita mimi, akamwita mama yake, akamwita bibi yake aliyeko Lindi. Kisha akanyamaza ghafla. Nikasema moyoni, kumbe yule mzee anajua. Nikaongeza dakika tano kwa sababu ya ule ukimya. Hizo dakika tano nazilipa mpaka leo.

Nilipofungua alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango, viganja vimebana masikio, kaptula imelowa. Hakunikimbilia. Jioni namwogesha, nikaona chini ya kucha zake vipande vya rangi ya bluu. Rangi ya ule mlango. Wakati mimi nafurahia kwamba ametulia, mwanangu alikuwa anakwangua mbao bila kutoa sauti.

Alikojoa kitandani miezi minane. Hata mchana hakutaka mlango ufungwe, wala choo cha shule hakuingia, mpaka mwalimu akatuita. Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba aliacha kuniita usiku. Namsikia anageukageuka, anahema haraka haraka, haiti mtu. Jirani akanipigia makofi begani: "Si unaona, kapona!" Kapona nini? Mtoto kajua kwamba akiita haji mtu. Nina hasira na yule mzee mpaka sasa, maana alizungumza kwa uhakika mkubwa juu ya mtoto asiyemjua. Na shemeji yako anazungumza vilevile.

Uoga wenyewe si deko. Mtoto akifika miaka miwili, mitatu, kichwa chake kinaanza kuumba vitu visivyokuwepo, na bado hajui kuvitenganisha vizuri na vya kweli. Taa ikizimwa, macho ya binadamu yanataka kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa. Hapo katikati kanga iliyotundikwa mlangoni inakuwa mtu. Sisi nasi tunaongezea "nyamaza, zimwi linakuja." Tena giza lilikuwa na hatari ya kweli. Mimi nimekulia Lindi, kwenye vijiji ambavyo simba wamekula watu. Watafiti waliokusanya taarifa za Tanzania za kuanzia 1988 hadi 2009 walikuta watu zaidi ya 1,000 wameshambuliwa na simba, na hatari ilikuwa kubwa mwanzoni mwa usiku, hasa siku zinazofuata mwezi mpevu, pale mwezi unapochelewa kutoka na jioni inabaki giza totoro. Mama yangu alituingiza ndani kabla ya magharibi na hakuna aliyemwita mwoga. Uoga wa namna hiyo ndio unataka kuutoa kwa komeo?

Shika hili moja: mtoto anaingia gizani na mtu wake, mlango wazi, tochi mkononi mwake yeye. Mshauri tuliyempelekea mtoto ndiye aliyetufundisha. Alitueleza habari ya Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1924 aliandika juu ya mtoto Peter aliyeogopa sungura. Sungura aliwekwa mbali kwenye kizimba Peter akiwa anakula anachokipenda, akawa anasogezwa kidogo kidogo, mpaka Peter akamshika mwenyewe. Kukemea na kucheka watoto waoga, huyo mama alikuta hakusaidii.

Kwetu sungura alikuwa korido. Tunakaa chini wote wawili tunakula embe, taa ya chumbani inawaka. Siku nyingine tunaizima kwa pumzi tano, yeye ndiye anahesabu, akisema "washa" nawasha hapohapo, sibishani. Kesho pumzi sita. Kuna siku alirudi kwenye tatu, tukabaki na tatu.

Mwezi wa nne hivi, umeme ukakatika saa nane usiku. Nikasikia kutoka chumbani kwao: "Babaaa!" Niligonga goti kwenye meza nikimkimbilia, na sikusikia maumivu mpaka asubuhi. Alikuwa ameniita mimi.

Ile komeo ya stoo niliing'oa kwa bisibisi. Matundu manne ya skrubu bado yapo kwenye mlango, sijayaziba. Kama chumba unachokifikiria kina komeo kwa nje, itoe leo kabla shemeji yako hajafika.