Roboti ya majini kukosa nguvu ziwani: tatizo ni waya
Mwalimu, umeuliza kwa nini roboti yenu ya majini ina nguvu mezani lakini ziwani inalegea, na kama betri ndiyo mbovu. Betri ni nzima. Umeme unaliwa na waya unaotoka kwenye betri hadi kwenye roboti. Mita 15 kwenda na 15 kurudi kwa waya wa milimita za mraba 0.5 ni kama omu 1 ya ukinzani, yaani kiasi waya unavyouzuia umeme kupita. Mezani mota zinazunguka bure, zinavuta umeme kidogo. Majini mota zote tatu zikivuta jumla ampea 6 za mkondo wa umeme, volti 6 kati ya 12 zinapotea njiani. Tumieni waya mnene zaidi, wa milimita za mraba 2.5, upotevu utashuka hadi volti 1 na ushee. Pimeni volti upande wa mota kwa multimita (kipimo cha umeme) zikiwa zinasukuma maji, maana zisipovuta umeme itasoma 12 ileile. Ila waya mnene ni mzito, utaivuta roboti chini: kabla ya kwenda Matema, kule Ziwa Nyasa, ufungieni vipande vya ndala kila nusu mita mpaka usizame.